Koti la Askari na Mashahidi Wake

Msomaji, tuseme umeulizwa swali dogo: Askari wa miguu wa Ufaransa, katika zama za Napoleon Bonaparte, alivaa nguo gani? Yamkini utajibu upesi. Utakumbuka picha uliyoiona kitabuni: askari amesimama wima, koti lake la buluu limemkaa sawasawa, suruali yake ni nyeupe pepe, mikanda miwili imepishana kifuani, na kofia yake ndefu ina pambo jekundu la manyoya. Utasema, "Alivaa hivi." Sasa nakuuliza swali la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza: Umejuaje?

Elimu yote ya historia imo ndani ya swali hilo la pili. Napoleon alishika utawala wa Ufaransa mwaka 1799, akajivika taji la ukaizari mwaka 1804, akashindwa kabisa Waterloo tarehe 18 Juni 1815. Hapana mtu aliye hai leo aliyemwona askari wake hata mmoja, na kamera ilikuwa haijavumbuliwa bado. Basi kila tulijualo juu ya askari yule limetufikia kwa mikono ya mashahidi, nao ni wa namna nyingi: amri za serikali, picha za wachoraji, kumbukumbu za wazee, nguo zilizosalia, hesabu za mafundi, na makaburi. Kazi ya mwanafunzi wa historia ni kama kazi ya hakimu. Humwita kila shahidi mbele yake, humsikiliza kwa adabu, humhoji, kisha hupima neno lake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Pengine utaona kwamba nguo ni jambo hafifu, na kwamba wakati wetu ungetumika vizuri zaidi katika mambo ya wafalme na mapatano yao. Nakuomba subira. Nguo ni shule njema ya kujifunza kupima ushahidi, kwa sababu koti lilikuwa ama jeupe ama la buluu, na shahidi aliyesema kweli hutengana upesi na yule aliyekosea. Zaidi ya hayo, mwisho wa safari yetu utaona kwamba swali la nguo si hafifu hata kidogo.

Shahidi wa kwanza ni sheria. Serikali ya Ufaransa ilipenda sana kuandika, na amri zake juu ya mavazi ya majeshi zilieleza habari ya koti, kofia, rangi na vifungo kwa urefu mkubwa. Mtu akizisoma hudhani kwamba amefika mwisho wa utafutaji wake. Lakini wewe mwenyewe unajua jinsi sheria za mavazi zilivyo. Shule yako ina orodha ya sare: viatu vyeusi, soksi za rangi fulani, sweta ya rangi fulani. Je, mtu atakayeisoma orodha hiyo miaka 200 ijayo atajua kwamba mwanafunzi mmoja alivaa sweta ya kaka yake iliyopauka, na mwingine viatu vya kahawia kwa sababu vile vyeusi vilitoboka katikati ya muhula? Orodha haikusema uongo. Ilisema lililoamriwa, haikusema lililotendeka.

Tazama mfano huu. Mwaka 1806 Napoleon aliamuru kwamba askari wa miguu warudie makoti meupe, kama yale ya zamani za wafalme. Sababu haikuwa urembo. Rangi ya buluu ilipatikana kwa nili, na nili nyingi ililetwa kwa bahari kutoka nchi za mbali. Manowari za Waingereza zilikuwa zimetawala bahari, hata nili ikawa adimu na ghali. Vikosi kadhaa vilipata makoti meupe, vingi havikupata, na mwaka 1807 shauri hilo likaachwa. Mtu aliyeisoma amri ya mwaka 1806 peke yake angeweza kuapa kwamba jeshi zima la Ufaransa lilivaa nyeupe. Angekosea bila ya kuwa na nia ya kudanganya. Husimuliwa pia kwamba Napoleon aliyaacha makoti meupe baada ya kuona damu juu yake katika vita vya Eylau, Februari 1807. Kisa hicho husisimua mwili; lakini hakimu mwema hapokei kisa kwa sababu kimemsisimua. Huuliza nani alikiandika kwanza, na lini.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Tarehe 19 Januari 1812 ilitolewa amri nyingine, iliyotayarishwa na afisa aitwaye Bardin na kuchorewa picha nzuri na Carle Vernet. Koti la mikia mirefu likafutwa, na mahali pake pakawekwa koti fupi lililofungwa kifuani mpaka kiunoni. Tarehe 24 Juni mwaka ule ule jeshi la Napoleon lilianza kuvuka mto Niemen kuingia Urusi. Katika vita vile Napoleon alitumia watu zaidi ya 500,000, wake mwenyewe na wa nchi zilizomfuata. Sasa fanya hesabu. Kati ya amri na safari ilipita miezi mitano tu. Katika miezi hiyo ilipasa sufu isokotwe, nguo ifumwe, itiwe rangi, ikatwe, ishonwe kwa mkono, maana cherehani ilikuwa haijafika viwandani, kisha ichukuliwe kwa magari ya farasi hadi kwa vikosi vilivyotawanyika tangu Uhispania mpaka Polandi. Je, laiwezekana kazi hiyo? Wataalamu wa mambo haya wanakubaliana kwamba wengi walioingia Urusi walikuwa bado katika makoti ya mtindo wa zamani. Hata hivyo, picha nyingi zilizochorwa baadaye huwaonyesha wote wamevaa koti jipya, kwa sababu mchoraji alisoma tarehe ya amri akasahau kuhesabu miezi.

Shahidi wa pili ni picha. Huyu ana nguvu kuliko wenzake, maana husadikiwa kabla ya kuhojiwa. Jicho likiona, moyo husema, "Ndivyo ilivyokuwa." Lakini mchoraji ni mtu, na mtu ana bwana, ana mfuko, na ana matamanio.

Kati ya mwaka 1801 na 1805 mchoraji mashuhuri Jacques-Louis David alichora mara tano picha ya Napoleon akivuka milima ya Alps. Farasi amesimama kwa miguu ya nyuma, joho linapeperuka, na mpandaji ameelekeza mkono juu, uso wake hauna hofu. Kweli ni kwamba Napoleon aliivuka milima ile, mwezi Mei mwaka 1800, amepanda nyumbu, mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, akiongozwa na mwenyeji wa mahali pale. David hakuwapo, na Napoleon hakukubali kukaa mbele yake ili achorwe. Alitaka watu waone ukuu wake kuliko sura yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Je, tuitupe picha hiyo motoni? La. Husimuliwa kwamba Napoleon alimwazima David nguo alizovaa katika vita vya Marengo mwezi Juni mwaka ule ule. Ikiwa ndivyo, basi picha iliyokosea mnyama yaweza kuwa imesema kweli juu ya koti. Hilo ni fundisho la thamani: shahidi mmoja aweza kuaminika katika neno moja na kutoaminika katika neno jingine. Usimkubali mzima, wala usimkatae mzima. Zaidi ya hayo, takriban mwaka 1850 mchoraji mwingine, Paul Delaroche, alimchora Napoleon akiwa juu ya nyumbu, amejikunja kwa baridi, na kiongozi akitangulia mbele. Huyu alichora nusu karne baadaye, lakini katika jambo la mnyama yeye ndiye aliyekaribia kweli. Basi kuishi karibu na tukio ni sifa ya shahidi, lakini si dhamana.

Umbali nao una hatari zake. Mwaka 1881 mwanamke Mwingereza, Elizabeth Butler, aliionyesha picha yake ya wapanda farasi wa Scots Greys wakishambulia Waterloo. Farasi wa kijivu wanakuja mbio kumwelekea mtazamaji, na askari wamevaa kofia ndefu za ngozi ya dubu. Butler alizaliwa mwaka 1846, miaka 31 baada ya vita vile. Alijifunza farasi kwa bidii kubwa, na misuli yao katika picha ni ya kweli kabisa. Lakini siku ile ya Juni 1815 ardhi ilikuwa imelowa kwa mvua kubwa ya siku iliyotangulia, na mbio za namna ile juu ya matope hazikuwezekana. Tena yaaminiwa kwamba kofia zile zilikuwa zimefunikwa kwa nguo ya kuzuia maji. Askari akienda vitani huhifadhi nguo zake njema. Mchoraji huzifunua, maana anajua watu wanapenda kuona nini.

Mlinganishe na Christoffer Suhr, mchoraji wa mji wa Hamburg katika Ujerumani. Majeshi ya Ufaransa na ya marafiki zake yalipita au kukaa katika mji huo kwa miaka mingi tangu mwaka 1806, naye akawachora askari kama alivyowaona. Hakutumwa na kaizari kuwatukuza. Katika kurasa zake askari ni watu wa safari, wenye nguo za safari. Huyu ni shahidi mwema. Lakini hata yeye ana mipaka. Aliona waliofika Hamburg, katika siku walizofika. Ukimwuliza juu ya kikosi kilichokuwa Uhispania, hana la kukujibu, na wewe usimlazimishe ajibu.

Jihadhari pia na mashahidi walionakiliana. Picha nyingi za zama zile zilichapwa kwa wino mweusi, kisha zikatiwa rangi kwa mkono, moja baada ya moja. Nakala mbili za picha moja zaweza kuwa na kola mbili za rangi mbalimbali, kwa kuwa fundi wa rangi alikosea au wino wake ulikwisha. Akaja mchapaji mwingine akaiga ile yenye makosa, na wa tatu akamwiga wa pili. Miaka 100 ikapita, na mwandishi akasema, "Vitabu kumi vyakubaliana." Kumbe si vitabu kumi. Ni kosa moja lililozaa watoto tisa.

Shahidi wa tatu ni kumbukumbu. William Grattan alikuwa afisa wa kikosi cha Kiairishi cha Connaught Rangers katika jeshi la Wellington lililopigana Ureno na Uhispania. Aliandika ya kuwa Wellington hakuwasumbua watu wake kwa mambo ya mavazi. Maadamu askari alifika vitani akiwa na silaha njema na risasi zake 60, jemadari hakutazama kama suruali yake ilikuwa nyeusi, ya buluu au ya kijivu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1847, zaidi ya miaka 30 baada ya vita. Je, tumsadiki? Mzee aliyestaafu hupenda kusimulia ya ujanani, na kila akirudia kisa hukipamba kidogo. Lakini katika neno hili Grattan hakujisifu. Tena mashahidi wengine wa vita vile husimulia habari ya viraka na nguo za kila rangi, na akili inakubali kwamba jeshi lililotembea miaka mingi mbali na kwao halikuweza kuwa kama jeshi la gwaride. Basi twaweza kumsadiki juu ya hali ya jumla. Lakini kama angetuambia idadi ya vifungo vya koti la mwenzake, tungetafuta shahidi mwingine, kwa sababu kumbukumbu hushika hisia ya jambo kwa miaka mingi na kuacha vipande vyake vidogo vianguke njiani.

Shahidi wa nne ni nguo yenyewe. Hapa utasema, "Sasa tumefika kwenye kweli tupu." Karibu, lakini bado. Katika jumba la makumbusho ya bahari huko Greenwich, Uingereza, limehifadhiwa koti alilovaa Nelson, mkuu wa manowari za Waingereza, katika vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Begani, upande wa kushoto, lina tundu la risasi iliyomwua. Watu walipenda kusimulia kwamba Nelson alijivika siku ile mavazi makuu ya sherehe, na nishani zake zote zikimeremeta, kana kwamba alikuwa akitafuta kifo. Koti lilijibu hadithi hiyo bila ya kufungua kinywa. Ni koti la kazi za kila siku, na nyota nne za heshima zilizoko kifuani zimetariziwa juu ya nguo. Hakuzivaa asubuhi ile kwa makusudi. Zilikuwako siku zote.

Walakini, hata koti huulizwa limetoka wapi. Koti hili lilipelekwa kwa Emma Hamilton, mpenzi wa Nelson. Kutoka kwake likaenda kwa mtu aliyemsaidia katika madeni. Na mwaka 1845 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alilinunua akalitoa kwa hospitali ya mabaharia ya Greenwich. Mikono yajulikana, tundu lipo, na habari za jeraha zaafikiana na tundu. Kwa hiyo twasadiki. Nguo isiyojulikana imepita mikononi mwa nani ni kama shahidi asiyetaka kutaja jina lake.

Tena fikiri juu ya nguo zisizosalia. Koti la afisa, lililovaliwa katika karamu mara chache, liliwekwa sandukuni pamoja na dawa ya nondo, wajukuu wakalirithi. Koti la askari mnyonge lilivaliwa usiku na mchana hata likararuka, likatiwa viraka, mwisho likawa matambara ya kufutia bunduki. Kwa hiyo nguo tuzionazo leo katika makabati ya vioo ni zile ambazo hazikuvaliwa sana. Mtu akihukumu jeshi zima kwa hizo, atadhani kila askari alikuwa bwana harusi.

Kuna shahidi wa tano, ambaye sauti yake ni ndogo na watu humpita bila ya kumwangalia: karatasi za kazi. Hati ya mshoni anayedai fedha zake, barua ya kanali anayelalamika kwamba viatu havijafika, taarifa ya mkaguzi aliyehesabu makoti mabovu, tangazo la askari mtoro linaloeleza alikuwa amevaa nini alipotoroka. Walioziandika hawakuwaza juu yetu hata kidogo. Hawakutaka kutupendeza wala kutudanganya, walitaka viatu. Kwa sababu hiyo neno lao lina uzito. Nao lakini wahojiwe: mshoni aweza kuongeza dai, na kanali aweza kulia njaa kuliko njaa aliyo nayo.

Sasa nitakuongoza kwa shahidi wa mwisho. Mwaka 2001, katika mji wa Vilnius, nchini Lithuania, wafanyakazi waliokuwa wakichimba mahali palipokuwa na kambi ya jeshi walifikia mifupa ya watu. Wataalamu waliitwa, wakakuta kaburi la pamoja la watu zaidi ya 3,000. Walikuwa nani? Vifungo vilijibu. Vifungo vya makoti ya Wafaransa vilikuwa na namba za vikosi vyao, na namba hizo zilionyesha kwamba hawa walikuwa askari wa Napoleon, waliofika Vilnius mwezi Desemba 1812 wakirudi kutoka Urusi, wakafa kwa baridi, njaa na maradhi. Palikuwa na vipande vya sare vilivyoganda katika udongo. Palikuwa na mabaki ya chawa.

Afisa mmoja wa mizinga kutoka Württemberg, Faber du Faur, alikuwamo katika safari ile, akachora alichokiona. Picha zake zilianza kuchapwa mwaka 1831. Huwaonyesha watu waliojifunika blanketi na ngozi na chochote walichookota, hata askari hatambulikani kuwa ni wa kikosi gani. Waliookoka waliandika maneno ya namna hiyo hiyo. Mchoraji hakuchimba kaburi, waandishi hawakuliona likifunguliwa, na kaburi halikusoma kitabu cha mtu. Mashahidi watatu, ambao hawakuweza kupatana, wamesema neno moja. Ushahidi wenye nguvu katika historia ndio huu.

Rudi sasa, msomaji, kwa yule askari wa picha ya kwanza, mwenye koti zuri na pambo jekundu. Hakuwa uongo mtupu. Alikuwako siku ya gwaride, mbele ya kaizari, jua likiwaka. Lakini ukimjua huyo peke yake, utadhani vita ni sikukuu, na utatamani kuwamo. Kijana aliyezikwa Vilnius naye alipewa koti siku moja, akalipenda, akajitazama ndani yake. Kumwonyesha daima katika koti lile jipya, na kumficha katika matambara aliyofia, ni kumdhulumu mara ya pili. Kwa sababu hiyo nilikuambia kwamba swali la nguo si hafifu.

Basi kila uletewapo habari za zamani, ziwe za Ulaya au za kwenu, za maandishi au za mdomo, usizimeze kwa haraka wala usizitupe kwa kiburi. Uliza: Nani asema? Alikuwapo? Alisema lini? Alimsemea nani, na alitaka kupata nini? Je, yuko mwingine asemaye hivyo, naye ameyatoa wapi? Maswali haya hayana gharama, na mtoto wa shule aweza kuyauliza sawa na profesa. Waliokufa hawawezi kujitetea mbele yetu. Lililo katika uwezo wetu ni kuwasikiliza mashahidi wao kwa haki.